Mwaka Mtupu

Faili lilimfikia Subilaga asubuhi, katikati ya mengine yaliyokuwa yakisubiri. Halikuwa na jina. Sauti yake ilikuwa imeshabadilishwa kuwa ile sauti moja, si ya mwanamume wala ya mwanamke, ambayo Ofisi ya Maazimio iliwapa wasemaji wote.

"Mwakani nataka kupumzika," ilisema.

Chini yake mashine ilikuwa imeweka tafsiri mbili. Ya kwanza: msemaji anaomba apunguziwe kazi, safari na miadi. Ya pili: msemaji anaomba chujio lake la damu lizimwe. Mashine ilipendelea ya pili, kwa tofauti ndogo. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, sheria ilitaka binadamu aamue. Binadamu huyo aliitwa mpambanuzi, na ofisi ya Mbeya ilikuwa na wapambanuzi wawili: Subilaga na Gwamaka, aliyekaa meza ya pili akila karanga.

Kwa nini mashine ilipendelea ya pili, Subilaga alijua. Msemaji alikuwa wa Rungwe, na mashine ilijifunza Kiswahili cha Rungwe hasa kutokana na matangazo ya misiba na maandishi ya makaburini, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa wingi. Kwenye makaburi ya Wamoraviani wa kule hakuna anayekufa. Wote wamepumzika.

Akafungua sehemu ya pili ya faili. Mashine ilikuwa imeuliza swali lake moja, kama sheria inavyoruhusu: Unamaanisha nini unaposema kupumzika?

"Kupumzika ni kupumzika. Ninyi Kiswahili mmesomea wapi? Mmenipima mpaka bikoni zangu zimeota nyasi. Andikeni nilivyosema."

Subilaga aliondoa mikono mezani.

Bikoni ni lile jiwe la zege linalochimbiwa kwenye mpaka wa kiwanja. Kila mwenye kiwanja analijua. Lakini mtu aliyelitumia neno hilo kwa mwili wake alimjua mmoja tu. Baba yake, Mzee Ambakisye, alikuwa mpima ardhi maisha yake yote ya kazi, na siku alipowekewa chujio chini ya mbavu aliwaambia madaktari kwamba sasa na yeye amepimwa, amewekewa bikoni, na asije mtu kumvamia mpaka. Subilaga alikuwa amesimama pembeni ya kitanda. Alicheka, kisha akatoka nje kwenda kulia.

"Dada, mbona umenyamaza?" Gwamaka akauliza. "Umempata yule wa 'mwakani niache ulevi Mungu akipenda'? Huyo ni wangu. Kila mwaka ni wangu."

"Nina la kupumzika."

"La Rungwe?"

"La Rungwe."

"Lilete huku kama limekuchosha. Ana chujio?"

"Analo."

"Umri?"

"Sabini na kitu."

Gwamaka akapangusa maganda ya karanga. "Basi hakuna la kufikiri. Jopo la Lugha lilishaamua kesi ya aina hiyo. Mzee, ana chombo mwilini, ameulizwa na amekataa kufafanua: ni ya pili. Unaweka alama, unakwenda kunywa chai."

Alisema hivyo bila ukatili. Alikuwa mtu anayeheshimu uamuzi uliotangulia, na maamuzi yaliyotangulia yalikuwa yameokoa watu wengi wasidharauliwe na watoto wao.

Kanuni ilikuwa wazi. Mpambanuzi akimtambua msemaji, anatamka hivyo na kumpa mwenzake faili. Angelitamka, baba yake angezimiwa chujio siku ya kwanza ya mwaka, na kwa umri wake asingemaliza wiki mbili. Angekaa kimya na kuchagua tafsiri ya kwanza, baba yake angeishi. Na ikiwa mzee alimaanisha ile ya pili, binti yake angekuwa amemnyang'anya neno lake la mwisho kwa kumpunguzia miadi.

Hakutamka. Aliliweka faili upande wa yanayosubiri, akaomba ruhusa ya sikukuu.

*

Desemba ulikuwa mwezi wa watu kusema peke yao. Njia nzima kutoka Uyole hadi Kiwira Subilaga aliwaona: mwanamke chini ya mwavuli, midomo ikienda, na dereva wa lori la chai aliyesimama kando ya barabara, akinyoosha kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Walikuwa wakijaribu maazimio yao kabla ya kuyatamka.

Zamani watu waliandika malengo Januari na kuyasahau Februari. Mratibu, mashine kuu ya Ofisi ya Maazimio, aliuondoa usahaulifu huo. Msikizi, kile kidonge kilichobandikwa nyuma ya sikio, kilisikia mwaka mzima. Desemba kikamsomea mtu mapitio yake. Mtu akatamka azimio. Na kuanzia hapo Mratibu akampangia chakula, safari, masomo, dawa na fedha ili azimio litimie. Lilitimia. Waliotaka kupungua walipungua. Waliotaka shahada walizipata. Masharti yalikuwa mawili. Azimio likishafungwa halibadilishwi mpaka mwaka uishe, kwa kuwa Mratibu anayebembelezwa kila wiki hana faida. Na msemaji haulizwi zaidi ya mara moja, kwa kuwa miaka ya mwanzo wazee waliulizwa na familia zao mpaka wakajibu kile familia ilichotaka.

Sharti la pili Subilaga alikuwa amelitetea mbele ya Jopo kule Dodoma. Alilitetea vizuri. Ndiyo maana azimio lake mwenyewe, alilolitamka wiki iliyopita na ambalo lilisubiri kufungwa, lilikuwa na maneno manne: kuongoza Jopo la Lugha.

Alimkuta shangazi yake, Syabumi, kwenye baraza akimenya ndizi, mvua ikipiga bati juu yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kabla ya tarehe, kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Basi kaa umenye. Nisikilizie hiki kidude, kimenitukana leo." Akagonga nyuma ya sikio lake. "Rudia!"

Msikizi wake ukasema kwa sauti ya upole: "Mwaka huu umemtaja mke wa mchungaji mara nyingi kuliko ulivyomtaja Mungu."

"Umesikia? Mimi! Mzee wa kanisa!"

"Ni kweli, Shangazi?"

"Kweli au si kweli, kilitumwa kihesabu? Na azimio langu ni lile lile: kwaya yetu imshinde na kile kikundi chake cha vijana. Mratibu ameshaniwekea mazoezi ya pumzi. Kila siku ninapuliza kwenye chupa kama mwendawazimu."

"Baba yuko wapi?"

Syabumi aliacha kisu kwenye ndizi. "Ndani. Ametamka la kwake. Nimemwuliza ametamka nini, akaniambia nikapulize chupa."

*

Mzee Ambakisye alikuwa mezani mbele ya dirisha, shati limefunguliwa vifungo vya chini, na juu ya meza ameweka pima maji yake ya zamani, kibao cha mbao chenye kichupa cha kioo na povu moja ndani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Tangu utotoni alimwita mama, kwa kuwa Subilaga alibeba jina la mama mzazi wa mzee. "Meza hii imeinama. Fundi anabisha. Mimi namwonyesha povu, yeye ananionyesha macho yake."

Subilaga akakaa. Alikuwa amepanga maneno njiani, na aliyajua mipaka yake. Msikizi wa mzee ulikuwa hewani, na wake pia. Akimwuliza alichomaanisha, hilo lingehesabiwa kuwa swali la pili. Lingeandikwa kuwa shinikizo, na faili lingeondoka mikononi mwake lenyewe, likaenda kuamuliwa kwa uamuzi uliotangulia.

"Mwakani tupande viazi kule chini?" akauliza.

"Pandeni."

"Nilikuwa nafikiri wewe ndiye utapima matuta."

"Matuta hayapimwi, mama. Yanalimwa."

"Na ule ubatizo wa mtoto wa jirani yetu Lugano, mwezi wa nne. Utakwenda?"

Nyuma ya sikio lake Msikizi ulipata joto. Ndivyo ulivyoonya. Subilaga alinyamaza mpaka ukapoa.

Mzee alimtazama. Hakuwa mjinga, na alijua binti yake anafanya kazi gani.

"Unazunguka," akasema, "kama kibarua aliyepoteza bikoni kwenye magugu. Anakanyaga huku, anakanyaga kule, anaogopa kuniambia."

"Ninazungumza tu."

"Haya, zungumza."

Alizungumza. Juu ya mvua, juu ya barabara ya Masoko, juu ya fundi wa meza. Kila sentensi aliipima kabla ya kuitoa, na kila jibu aliligeuza akitafuta upande wake wa chini. Mzee alisema amechoka; watu wote husema wamechoka. Mzee alisema sindano za vipimo zinamuudhi; sindano humuudhi kila mtu. Alisema mke wake marehemu alikuwa na bahati, na Subilaga akasubiri mpaka mzee akamalizia kuwa hakuwahi kuambiwa na kidude kwamba anakoroma.

Mkono wa Subilaga ulikwenda wenyewe kwenye pima maji, akaanza kuisukuma kidogo kidogo, povu likikimbia huku na huku.

"Acha."

"Samahani."

"Hapana, acha kabisa. Ondoa mkono." Mzee aliisogeza mbali naye. "Ninyi wote mna ugonjwa huo. Nilikuwa na vijana wa kazi wa namna hiyo. Unasimamisha chombo kwenye miguu yake mitatu, kijana tayari amekaza jicho, anasoma. Anasoma nini? Miguu bado inazama kwenye udongo, povu bado linatembea. Anaandika namba, kesho yake anaandika nyingine, halafu ananiambia kilima kimehama."

"Ulikuwa unawaambiaje?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Msikizi haukupata joto. Lilikuwa ni swali juu ya vijana wa kazi.

"Nilikuwa nawaambia, kipumzisheni. Mnakaa chini, mnakula muhogo, hakuna mtu kukigusa. Kikishapumzika ndipo unasoma. Na hapo ukisoma umesoma."

Akarudisha macho kwenye kichupa. Povu lilikuwa limesimama, karibu na katikati, si katikati.

"Imeinama," akasema. "Nilijua."

Subilaga alibaki akitazama mikono ya baba yake. Neno lile lile, kwa kinywa kile kile, na halikuwa likizo wala kaburi. Chombo kinachopumzika hakijaacha kazi wala hakijafa. Kinaachwa bila kuguswa mpaka kitakapoweza kusema ukweli. Kwa mpimaji hiyo ndiyo maana ya kwanza. Hakuna mpimaji wa Rungwe aliyeichonga kwenye jiwe, kwa hiyo mashine isingeijua.

Lakini alikuwa amezoea ushahidi, na akajilazimisha kuupima huu. Alikuwa mtoto aliyeogopa, na mtoto aliyeogopa amesikia alichotaka kusikia. Mtu anaweza kuwaambia vijana wapumzishe chombo, na bado yeye mwenyewe akataka kufa. Maana ya tatu ilikuwepo. Kwamba ndiyo aliyoikusudia, hakuwa na uthibitisho. Wala asingeupata bila kumwuliza.

*

Mwaka ulifungwa jua linapozama, kwa kuwa kwa hesabu ya Waswahili siku mpya huanza jioni, na Ofisi haikuona sababu ya kufuata saa za watu wengine. Alasiri ya siku hiyo Subilaga alimpigia Gwamaka simu akiwa amesimama kwenye njia ya migombani, kandambili zikiwa zimezama kwenye tope.

"Yule wa kupumzika ni baba yangu," akasema.

Upande wa pili karanga zilikoma kutafunwa.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile."

"Dada! Na faili unalo?"

"Ninalo. Nimeandika tafsiri ya tatu. Mwaka mtupu."

Kifungu hicho Gwamaka alikijua. Wote wawili walikisoma chuoni na wote wawili walikisahau. Mtu anaweza kuukaa mwaka bila azimio, bila mapitio na bila Msikizi. Ila Mratibu hufanya kazi kwa maazimio, na asiye na azimio Mratibu hamwoni: hampangii chakula wala hamrekebishii chombo kilicho mwilini. Kwa hiyo kifungu kiliongeza kwamba mwenye chombo awe na mshika ufunguo, akaaye naye ua mmoja, atakayekirekebisha chombo kwa mkono kila asubuhi. Na mshika ufunguo huyo asiwe na azimio jingine lolote. Kililetwa kwa ajili ya sehemu ambako radi huangusha minara. Hapakuwa na aliyewahi kukiomba kwa hiari.

"Nani atashika ufunguo?"

"Mimi."

"Na Dodoma?"

"Azimio la Jopo nimelifuta."

"Ukiandika 'binti' kwenye nafasi ya uhusiano, leseni yako nayo inakwenda. Unajua? Acha wazi hiyo nafasi. Mimi sijasikia kitu. Mtandao wa huko mbovu."

"Nimeshaandika binti."

"Nikuulize jambo moja," Gwamaka akasema. "Una uhakika ndicho alichomaanisha?"

Subilaga aliangalia nyumba. Dirishani mzee alikuwa ameinamia meza, akiweka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja.

"Sina."

"Kabisa?"

"Pengine alimaanisha ile ya pili. Nimeandika hivyo pia kwenye maelezo. Tofauti ni hii: tukikosea kwa tafsiri ya kwanza, atakaa mwaka mzima akisubiri, haruhusiwi kusema tena. Tukikosea kwa ya pili, amekufa. Tukikosea kwa ya tatu, anaweza kunirekebisha asubuhi yoyote. Asiye na azimio halindwi na swali moja. Sheria haimhusu. Naweza kumwuliza kila siku."

"Kile kile ulichokipiga vita Dodoma."

"Kile kile."

"Watoto wanaouliza mpaka wazee wanachoka."

"Ndiyo, Gwamaka. Hicho hicho. Na ufunguo utakuwa mkononi mwangu, jambo ambalo ni baya zaidi. Nimeliona."

Alitarajia kukataliwa. Angekuwa yeye, angekataa. Saini ya pili ilihitajika, na uamuzi uliotangulia ulikuwa upande wa Gwamaka. Mvua ilianza tena, nyepesi, ikigonga majani ya migomba.

"Ungeniambia una uhakika," Gwamaka akasema hatimaye, "nisingeweka saini. Haya, nimeweka. Ndaga, dada, asante. Utakuja kuchukua kikombe chako?"

"Kitumie."

Jua halikuonekana likizama. Aligundua limezama kwa sababu tu nyuma ya sikio lake sauti ya upole ilimsomea azimio lake jipya, maneno manne: kushika ufunguo wa Ambakisye. Ndani ya nyumba kidonge cha mzee kilidondoka chenyewe kwenye kola ya shati, kama kupe aliyeshiba. Mzee alikiokota, akakitazama, akakiweka juu ya pima maji.

*

Ufunguo ulikuwa kisahani cha chuma cha ukubwa wa kifuniko cha birika. Unachoma kidole cha mgonjwa, unasoma tone la damu kwenye kijiti, unaweka kisahani juu ya ngozi, unakizungusha kiasi ambacho kijiti kimesema. Kisipozungushwa hadi adhuhuri, chujio hujifunga. Subilaga alikuwa amefanya mazoezi kwa mfuko wa maji, na mara mbili alipitiliza.

Hakulala vizuri. Asubuhi barazani Syabumi alikuwa akipuliza kwenye chupa yake, sauti nene, ikikatika na kuanza upya.

Mzee Ambakisye alikuwa amekaa kitandani, shati wazi. Nyuma ya sikio lake palibaki alama nyeupe, mviringo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hiyo ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

"Inafanana na kifuniko."

Alitoa kidole bila kuombwa. Kijiti kikasoma. Subilaga akapasha kisahani joto kwa kiganja, akakiweka chini ya ubavu wa kushoto, juu ya kovu, akakisikia kikinasa. Hapakuwa na joto nyuma ya sikio la kumwonya, wala la kumwambia amefanya vyema. Mazungumzo ya mtu wa mwaka mtupu Msikizi hauyapokei, hata kwa upande wa anayezungumza naye.

"Baba."

"Hm."

"Nizungushe?"

Barazani chupa ilikatika, ikaanza tena. Mzee aliangalia dirishani, kwenye meza ambayo sasa ilikuwa sawa, na povu ambalo hakuna aliyeligusa tangu jana. Subilaga alingoja. Mdomoni alikuwa na sentensi tatu za kumsaidia ajibu, na kila moja ilikuwa nzuri, na kila moja ingemsukuma. Alizimeza. Alijua muda unakwenda, na alijua kwamba mzee akisema hapana itambidi aondoe mkono wake mwenyewe, kwa vidole vyake vitano, na asirudie swali mpaka kesho.

"Umeniuliza wewe," mzee akasema, "au ni wao?"

"Mimi."

"Wanasikia?"

"Hawasikii."

Akafikiri tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Subilaga kumwona baba yake akifikiri bila kukasirika.

"Zungusha," akasema. "Taratibu. Usiwe kama wale vijana."

Akazungusha. Kisahani kilitoa mlio mdogo pale kilipofika. Alipoanza kukibandua, mzee alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Lakini hiyo ni ya leo, mama. Kesho uulize tena."